Usianike Usichoweza Kukianua

Miaka michache iliyopita niliitwa kwenye jumba dogo la makumbusho huku pwani kwa sababu tovuti yao "imeingiliwa na shetani". Ndivyo mhifadhi alivyonieleza kwenye simu. Nilipofika nikaifungua kwa simu yangu, nikamkuta huyo shetani: palipokuwa na picha ya mlango wa nakshi pamekaa tangazo la kubashiri mechi. Hakukuwa na mdukuzi yeyote. Jina la tovuti lilisajiliwa na kijana aliyeijenga, kwa barua pepe yake mwenyewe. Fedha ya mradi ikaisha, kijana akapata kazi mji mwingine, muda wa jina ukakatika, na mtu asiyejua hata makumbusho hayo yako nchi gani akalinunua.

Nikaomba kuona tovuti ya zamani ilivyokuwa. Walikuwa na nakala ya kurasa kwenye karatasi, zilizochapwa kwa ajili ya ripoti ya mfadhili. Kulikuwa na ziara ya mtandaoni, duka, jarida, maktaba ya video, na ukurasa wa watoto ulioandikwa "Inakuja hivi karibuni". Hiyo "karibuni" ilikuwa na umri wa miaka minne. Siku ya uzinduzi keki ilikatwa, mgeni rasmi akabofya kitufe, watu wakapiga makofi. Kesho yake hakuna aliyeuliza nani atafagia.

Bibi anayeanika mpunga uani haangalii jua peke yake. Anaangalia pia mikono iliyopo nyumbani, kwa sababu wingu likitanda ghafla, kilichotandazwa kwa nusu saa kinatakiwa kiingie ndani kwa dakika tano. Akiwa peke yake ataanika mkeka mmoja, hata kama ghalani kuna magunia. Hiyo ndiyo hoja yangu yote leo: tovuti ya makumbusho yenye kipato kidogo ipimwe kwa mikono itakayoitunza, si kwa fungu la aliyeifadhili.

Tuanze na fedha, maana hapo ndipo wengi wanapokosea hesabu. Vitu vinavyoogopesha kwa majina vina bei ndogo. Jina la tovuti linaloishia na .com hulipiwa kama dola 10 hadi 20 za Marekani kwa mwaka. Nafasi kwenye seva ya kuchangia na wengine ni dola chache kwa mwezi. Cheti cha usalama, kile kinachofanya kivinjari kisimtishe mgeni, hutolewa bure na Let's Encrypt. WordPress, programu ambayo inaendesha sehemu kubwa ya tovuti za dunia, ni huria na imekuwapo tangu mwaka 2003. Ukijumlisha yote hayo, mwaka mzima hauwezi kukushinda.

Kinachogharimu ni muda wa watu. Nani atapiga picha? Nani ataandika maelezo, na nani atayasahihisha? Nani atabadilisha saa za Ramadhani zinapoingia na kuzirudisha zinapotoka? Fedha ya mradi huja mara moja kama mvua ya vuli, lakini kazi hizi hurudi kila mwezi kama kodi ya nyumba. Kwa hiyo nikiulizwa, hushauri fungu ligawanywe mafungu matatu yaliyo sawa: moja lijenge, la pili lilipe picha na maandishi, la tatu lifungiwe kwa ajili ya miaka mitatu ijayo. Na siku ya kwanza kabisa, kabla rangi haijachaguliwa, jina la tovuti lilipiwe kwa miaka mingi kadiri inavyoruhusiwa. Kwa .com unaweza kulipia hadi miaka 10 kwa mkupuo. Miaka 10 inamtosha mfadhili kusahau, mkurugenzi kustaafu na kijana wa kompyuta kuoa na kuhama, na jina bado ni lenu.

Sasa, tovuti yenyewe iseme nini? Kwenye jumba lile sikuitisha warsha. Niliomba kiti nikakaa siku tatu kando ya dirisha la tiketi, na dada anayekata tiketi akanigawia kurasa za nyuma za daftari lake. Kila swali lililoulizwa dirishani au kwenye simu tuliliandika. "Leo mpo wazi?" "Ijumaa mnafunga saa ngapi?" "Mimi ni mzawa lakini naishi Muscat, nalipa ya mwananchi au ya mgeni?" "Kitambulisho cha shule kinatosha?" "Naweza kulipa kwa simu?" "Nakuja na watoto 60, kuna kivuli cha kulia chakula?" "Mama anatembea kwa kigari, atapanda?" "Choo kipo?" "Kupiga picha ni bure?" "Nikishuka kituoni nifuate njia ipi?" Swali moja lilikuja tena na tena kwa sura tofauti: mnafungua lini, na ni bei gani kwa mtu kama mimi. Huku kwetu bei za tiketi mara nyingi zina ngazi, mwananchi, mkazi na mgeni, halafu mtoto na mwanafunzi, na asiyejua yuko ngazi gani huona haya kuuliza mbele ya foleni.

Hakuna hata mmoja aliyeulizia dira na dhamira ya taasisi. Lakini ile tovuti ya zamani ilifunguka kwa dira na dhamira, ikafuatiwa na ujumbe wa mkurugenzi wenye picha yake akiwa na tai. Saa za kufungua zilikuwa chini kabisa, kwa herufi za mchwa, na hazikuwa sahihi.

Lile daftari ndilo lililochora ramani ya tovuti mpya. Ukurasa wa kwanza: tupo wapi, tunafungua lini, bei gani, namba ya simu, yote yaonekane kabla kidole hakijasogeza kioo. Ukurasa wa shule, kwa sababu mwalimu anayepanga safari anahitaji kitu cha kumwonyesha mkuu wake. Ukurasa wa historia ya jumba. Ukurasa wa vitu vichache vya makusanyo. Ukurasa wa njia ya kufika, wenye maelezo ya mtu anayeshuka kwenye daladala, maana ramani peke yake haimwambii ashukie wapi. Na ukurasa wa mawasiliano. Sita, basi. Kisha tukafanya kazi ya bure ambayo ingefaa ifanywe hata kama tovuti isingejengwa: tukairekebisha alama ya jumba kwenye Google Maps, iliyokuwa imekaa mtaa wa pili, tukaweka saa na simu sahihi. Wengi hawafiki hata kwenye tovuti yako. Wanaishia kwenye ile alama.

Mtu ataniuliza: kwa nini basi tusitumie Facebook na Instagram tu, ambako watu wapo tayari? Tumieni. Lakini hiyo ni baraza ya kuazima. Mwenye nyumba akibadilisha sheria, akaunti ikifungwa, au aliyeifungua akiondoka na nywila, hamna pa kulalamikia. Tangazo la tamasha liende barazani. Saa, bei na kumbukumbu za vitu zikae nyumbani kwenu.

Nyumba hiyo iwe nyepesi. Mgeni wetu anakuja na simu na bando alilolinunua kwa siku. Fanya hesabu hii. Picha moja iliyotoka moja kwa moja kwenye simu janja ina takriban megabaiti 4. Ukurasa wenye picha kumi kama hizo ni megabaiti 40, na mtu anayetumia bando dogo ataondoka kabla hata picha ya tatu haijafunguka. Ukizipunguza picha zilezile zifike upana wa pikseli 1600 na kuzibana kiasi, kila moja huwa kama kilobaiti 300, na ukurasa mzima hauzidi sana megabaiti 3. Jicho halioni tofauti kwenye kioo cha simu. Programu za kupunguza picha ni za bure na kazi ni ya dakika. Picha kubwa za asili usizitupe, ziweke kwenye diski yako. Na zile video zinazoanza kucheza zenyewe ukurasa ukifunguka, ondoa. Hakuna aliyeziomba, na zinalipiwa na mgeni.

Hapo tunaingia kwenye kiini, yaani vitu. Hofu ya makumbusho madogo ni kwamba makubwa yameshamaliza mchezo. Rijksmuseum ya Amsterdam ilifungua Rijksstudio mwaka 2012 ikiwa na picha 125,000 za kazi zake. Metropolitan ya New York, Februari 2017, iliachia picha zipatazo 375,000 zitumike na yeyote bila masharti. Nyuma ya namba hizo kuna idara nzima za wapiga picha na watunza katalogi. Sisi tusizikimbilie namba. Jambo moja la kuazima kwao ni uwazi kuhusu haki: chini ya kila picha andika nani kaipiga na msomaji anaruhusiwa kuifanyia nini. Mstari mmoja tu. Bila huo, mwalimu mwaminifu ataogopa kuitumia na mwizi ataitumia hata hivyo.

Badala ya vitu elfu, chukua kumi na mbili, kimoja kwa mwezi. Mwezi wa kwanza sisi tulichagua mbuzi ya nazi. Lebo iliyokuwa ukutani ilisema: "Kifaa cha jadi cha jikoni. Mbao na chuma." Maneno hayo yanaweza kubandikwa kwenye nusu ya vitu vya jumba zima na yasikosewe. Tukaketi na yule dada wa tiketi, na mama mfagizi akaja kusikiliza, na kwa saa moja ikaandikwa lebo nyingine:

"Mbuzi ya kukunia nazi. Inakunjwa kama marfaa ya kuwekea msahafu: mbao mbili zimepishana bila msumari. Ulimi wa chuma umeng'olewa meno mawili upande wa kulia, kwa hiyo aliyeitumia alizoea kusukumia nazi upande huo. Kiti kimelainika kwa kukaliwa. Mkunaji hukaa ubavu, ulimi ukitokeza mbele yake na chombo kikiwa chini. Wengine huita kibao cha mbuzi. Je, kwenu mliiitaje?"

Mama mfagizi ndiye aliyeyaona yale meno mawili. Mhifadhi mwenye shahada alikuwa amepita mbele ya kabati hilo miaka tisa. Kuandika maelezo ya namna hii hakuhitaji fedha, kunahitaji kuangalia, na tena kunahitaji Kiswahili kije kwanza. Ukurasa wa Kiingereza kuhusu kazi za mbao za pwani utashindana na vyuo vikuu vya dunia nzima. Ukurasa mzuri wa Kiswahili kuhusu mbuzi ya nazi utasomwa na mwanafunzi wa Tabora, na mjukuu aliyezaliwa Birmingham akiulizia neno alilolisikia kwa bibi yake. Kiingereza kifuate kama tafsiri. Maneno hayohayo, yakiwekwa pia kama maelezo ya picha nyuma ya pazia, ndiyo simu ya mtu asiyeona itakayomsomea, na ndiyo Google itakayoyashika. Faili lenye jina mbuzi-ya-nazi hupatikana. Lenye jina IMG_2041 limezikwa.

Kuhusu zana, kuna moja nataka kuitaja kwa sababu ya jina lake. Mwaka 2008 kituo cha historia na vyombo vipya vya habari kinachobeba jina la Roy Rosenzweig, katika Chuo Kikuu cha George Mason, Virginia, kilitoa programu huria ya kuonyesha makusanyo ya makumbusho na maktaba. Wakaiita Omeka. Wenyewe wanaeleza kuwa neno wamelichukua katika Kiswahili, kwa maana ya kupanga bidhaa, kuzifungua na kuzitandaza. Mtaani siku hizi hulisikii sana, lakini kitendo chenyewe kipo kila jioni: mchuuzi anatua furushi, anakung'uta turubai, anapanga viatu jozi kwa jozi. Na mtazame vizuri. Hatandazi asichoweza kukikusanya askari wa jiji wakitokea.

Kwa kurasa sita za kawaida WordPress inatosha. Omeka ifikirieni makusanyo yakizidi vitu mia na kila kimoja kikihitaji kumbukumbu yake kamili. Lakini kabla ya zote mbili kuna daftari. Makumbusho ambayo hayana orodha ya vitu vyake hayawezi kuokolewa na programu yoyote. Anzeni na jedwali la kawaida la kompyuta, kila kitu mstari mmoja: namba ya usajili, jina, kimetengenezwa kwa nini, kimetoka wapi, nani katoa, lini, kiko kabati gani, hali yake, picha ipi. Mfano, namba 2019.14.3 inakwambia kitu kiliingia mwaka 2019, ni pokezi la 14 la mwaka huo, na ni cha 3 katika pokezi hilo. Mkitaka utaratibu unaoeleweka duniani, upo wa Dublin Core wenye vipengele 15, uliopewa jina la mji wa Dublin ulioko Ohio ambako wataalamu walikutana mwaka 1995. Programu zinakuja na kufa. Jedwali safi litahama nazo.

Si kila kilichomo kwenye jedwali kiende mtandaoni. Fikiria vigango, nguzo za kumbukumbu za wafu wa Wamijikenda, ambazo kwa miaka mingi zimeibwa vijijini na kuuzwa kwa wakusanyaji wa sanaa ng'ambo. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja akiwa na vigango viwili alivyowasimikia ndugu zake. Baadaye vikaibwa. Miaka ikapita, vikaja kuonekana katika makusanyo ya taasisi za Marekani, na picha ile ndiyo iliyothibitisha kuwa ndivyo vyenyewe, mpaka vikarudishwa kwa familia. Hapo kuna mafunzo mawili yanayovutana. Picha na kumbukumbu nzuri humrudisha aliyeibwa kwenye haki yake. Lakini picha hiyohiyo, ikibandikwa hadharani pamoja na jina la kijiji na njia ya kufika, ni mwaliko kwa mwizi. Kwa hiyo ziwepo orodha mbili: ya ndani yenye kila kitu, na ya nje iliyopitishwa na wenye mali. Kitu cha ibada au cha kaburi kikiingia kwenye orodha ya nje bila wazee kuulizwa, hiyo si tovuti, ni uvunjaji wa mwiko wenye anwani.

Na orodha zote mbili ziwe na nakala. Usiku wa tarehe 2 Septemba 2018 Makumbusho ya Taifa ya Brazil, Rio de Janeiro, yaliungua, na sehemu kubwa ya vitu vyake vinavyokadiriwa kuwa milioni 20 ikateketea. Siku zilizofuata wanafunzi waliwaomba watu waliowahi kutembelea watume picha walizopiga kwa simu, kwa kuwa kwa vitu vingi hizo ndizo zilizobaki. Oktoba 2023 Maktaba ya Uingereza, taasisi yenye fedha, ilishambuliwa na wadukuzi, na katalogi yake ya mtandaoni haikurudi mpaka mwaka uliofuata. Kama wao yaliwapata, sisi wenye kompyuta moja inayozimwa na mgao wa umeme tujifunze. Nakala tatu: moja ofisini, moja kwenye diski ya nje inayolala jengo jingine, moja kwenye hifadhi ya mtandaoni. Kila robo mwaka mtu afungue faili moja kutoka kila nakala aone kama linafunguka. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni tumaini tu.

Limebaki suala la funguo. Mkataba wa mjenzi wa tovuti uwe na mistari minne isiyo na maneno ya kuzunguka. Jina la tovuti lisajiliwe kwa jina la makumbusho, kwa barua pepe ya ofisi isiyo ya mtu binafsi. Nywila zote zikabidhiwe kwa maandishi, zikae kwenye kasiki moja na funguo za makabati. Mjenzi afundishe watu wawili, si mmoja, jinsi ya kubadilisha saa, bei na picha, na malipo ya mwisho yatolewe siku hao wawili watakapofanya hivyo mbele ya mkurugenzi bila kushikwa mkono. Na kila kilichoandikwa kiwe mali ya makumbusho. Kijana mwadilifu hatakataa hata mmoja.

Jumba lile la pwani lilipata jina jipya, maana la zamani mwenye kamari aliligomea. Mmoja wa wale wawili waliofundishwa ni yule dada wa dirishani. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi hufungua tovuti kwa simu yake na bando la ofisi, husoma saa na bei kwa sauti kama anasoma risiti, na palipopitwa na wakati hurekebisha kabla foleni haijaanza.

Mwaka wa pili ulipoanza alinipigia. Kulikuwa na ukurasa wa saba, wa matukio, ambao mimi mwenyewe niliuongeza dakika za mwisho kwa sababu niliona unapendeza.

"Mwalimu," akasema, "huu wa matukio hauna mtu. Tukio la mwisho ni la Novemba na aliyekuwa analeta habari kahamishiwa bara. Naufuta au tunausubiri?"

Nikamwambia aufute. Akanijibu kwamba ameshaufuta tangu asubuhi, alikuwa anataka tu kuona kama nitabisha.